Historia Moja au Historia ya Pamoja?

Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 uliagiza historia ya Burundi iandikwe upya, ili Warundi wote waielewe kwa namna moja. Ikaja sheria ya mwaka 2013 iliyopanga upya elimu ya msingi, ikawa ya miaka 9. Katika mageuzi hayo, historia, jiografia na uraia zikatiwa katika kapu moja la sayansi ya jamii.

Hatuyapingi makusudio hayo. Nchi iliyoona damu ya mwaka 1972 na ya mwaka 1993 haina budi kuchunga yanayosemwa mbele ya watoto. Lakini sisi walimu wa lugha twajua kuwa "moja" si "pamoja". Historia moja huteremka kutoka wizarani, mwanafunzi akaikariri. Historia ya pamoja hujengwa darasani, kila mmoja akileta tofali lake.

Hapa Jabe, mtoto huzungumza Kiswahili uani, kisha darasani huelezwa yaliyopita kwa Kifaransa. Babu yake ayajua ya mitaa ya Bwiza na Buyenzi tangu zamani. Je, mtaala umemwachia mwalimu saa ngapi za kumsikiliza babu huyo?

Maoni yetu ni haya: sheria na iweke mipaka ya somo, lakini isimnyang'anye mwalimu uhuru wa kuchagua mifano. Mtoto asiyeulizwa yaliyopita kwao ataikariri historia ya kitabuni kwa ajili ya mtihani, na ataiamini ile anayonong'onezwa gizani.