Majigambo ya Nguvu za Farasi 845

Leo nahakiki pikapu. Naam, pikapu, tena humu humu tunamozoea riwaya na diwani. Cybertruck ya Tesla imenifikia hapa Dakawa kama ilivyowafikia wengi wenu, kwa maandishi, picha na video. Sijaikalia kiti. Nimeisoma tu, na kinachosomwa kinahakikiwa.

Tuanze na utanzu. Wengi tulifundishwa sekondari kwamba majigambo, au vivugo, ni tungo ambazo mtu hujisifu mwenyewe, kwa nafsi ya kwanza, kwa ushujaa alioutenda. Chuku inaruhusiwa, tena ndiyo utamu wake. Lakini chuku hiyo inapanda juu ya tendo. Anayejigamba anasimama mbele ya watu wanaomjua, na kama hukuua simba, kuna mtu pale barazani anayejua hukuua. Hadhira ndiyo mizani.

Sasa sikilizeni gari hili linavyojigamba. Toleo lake kali, Cyberbeast, lina nguvu za farasi 845. Linatoka kusimama hadi kilomita 97 kwa saa kwa sekunde 2.6. Mwili wake ni wa chuma kisichoshika kutu. Siku ya kulikabidhi kwa wateja wa kwanza, Novemba 2023, ilionyeshwa video likishindana na Porsche 911 huku lenyewe likivuta tela lililobeba Porsche nyingine. Likashinda. Kama tamthilia, bana, onyesho lile limepangwa vizuri: adui mmoja yuko mbioni, mwingine keshakuwa mateka mgongoni.

Shida inaanza hadhira ilipoamka. Mbio zilitangazwa kuwa za robo maili, kumbe zilikatishwa nusu ya umbali huo. Wajuzi wa magari waliporudia kwa robo maili kamili, Porsche ilishinda. Mwaka 2019 lilitangazwa kwa bei ya kuanzia dola 39,900. Lilipofika sokoni, Cyberbeast ilikuwa karibu dola 100,000. Machi 2025 magari zaidi ya 46,000 yaliitwa yarudishwe kwa sababu bamba la chuma la pembeni lilishikizwa kwa gundi, nalo liliweza kubanduka njiani. Shujaa wa chuma, silaha yake imegandishwa na gundi! Hakuna mtunzi wa vichekesho ambaye angethubutu kuandika hivyo.

Hata hivyo, uongo wa umbali sio unaonikera zaidi. Kinachonikera ni ukimya. Pikapu ni gari la mzigo, lakini mzigo unaokumbukwa katika kivugo hiki ni gari jingine la starehe. Mtu wa mzigo hayumo.

Lilete mbele ya hadhira ya Dakawa. Hapa kuna skimu ya mpunga ya hekta 2,000, na swali la kwanza halitakuwa la sekunde. Litakuwa: linabeba gunia ngapi? Linabeba kama tani moja. Mtoe dereva na utingo, zinabaki gunia 8 hivi za kilo mia, na hapo hatujataja lumbesa. Swali la pili: kwenye matope ya masika, lenyewe likiwa na tani 3, nani atalivuta? La tatu: umeme. Betri yake inameza uniti 123 hivi, wakati mteja mdogo wa TANESCO aliye kwenye ile bei ya chini anatakiwa asivuke uniti 75 kwa mwezi. Kwa soketi ya kawaida ya nyumbani, kulijaza ni kama saa 40.

Msinielewe vibaya, watu wa huku hatuushangai umeme. Ndio unaopandisha maji ya Mto Wami kwenda mashambani, na bili yake tunaijua. Treni ya SGR inayopita Morogoro inakwenda kwa umeme tangu 2024. Kwetu umeme ni kibarua, unaamka asubuhi na kufanya kazi.

Ndiyo maana nimesoma kwa heshima zaidi maandishi makavu ya Hilux ya umeme, iliyotangazwa na Toyota Novemba 2025. Kilomita takriban 240 kwa chaji moja. Mzigo kilo 715. Hakuna shujaa wala mateka. Ni namba ndogo, lakini namba ndogo mtu anaweza kuzikagua: Dakawa hadi mjini Morogoro na kurudi ni kama kilomita 90, kwa hiyo ukipakia na njia ikikuzuia kidogo, bado unafika. Sisemi inatosha. Gunia 5 au 6 si mavuno, na Canter kuukuu inayapita magari yote mawili kwa kubeba.

Mkulima asiye na usafiri huuzia shambani, kwa bei ya mlanguzi mwenye gari. Kila gunia linalosafiri kwa gharama nafuu linampunguzia unyonge huo. Hilo ndilo tendo la kishujaa linalosubiri gari la umeme hapa kwetu. Kivugo cha Cyberbeast kina mdundo, kina taswira, ila kimeghanwa mbele ya watu wasio na gunia. Siku likija pikapu la umeme linalojisifu kwa mpunga liliofikisha sokoni, nitakuwa wa kwanza kulipigia vigelegele.