Luchino Visconti na Ufundi wa Kisichoonekana

Katika kasri la mwinyi wa Salina, ndani ya filamu ya Il Gattopardo, kuna droo ambazo mtazamaji hazioni zikifunguliwa hata mara moja. Ndani yake mlikuwa na mashati ya hariri, yamekunjwa na kupangwa kama mtumishi wa nyumba kubwa ya Sicilia angeyapanga katika miaka ya 1860. Inasimuliwa kwamba Burt Lancaster, Mmarekani aliyeigiza uhusika wa mwinyi huyo, aliuliza mashati yale ni ya nini ikiwa kamera haitayaona. Mwongozaji, Luchino Visconti, alimjibu kwamba droo ni za mwinyi, na mwinyi anaweza kuzifungua wakati wowote apendao.

Wahenga walituonya juu ya uzuri wa mkakasi, ambao ndani ni kipande cha mti. Sanaa za maonyesho ndizo zenye kishawishi kikubwa zaidi cha mkakasi, kwa kuwa kazi yake yote ni kuonekana. Mbao nyepesi hupakwa rangi zikawa marumaru, kitabu huwa jalada tupu, na bilauri ya mvinyo huwa na maji yenye rangi. Visconti alifanya kazi kwa zaidi ya miaka 30 katika filamu, tamthilia na opera, na kwa muda wote huo aliukataa mkakasi. Ninamsifu kwa hilo kuliko kwa jambo lingine lolote. Alimjengea mwigizaji dunia iliyokamilika, hata uongo ukakosa pa kukaa.

Alizaliwa Milan tarehe 2 Novemba 1906, katika ukoo wa Visconti di Modrone, mmojawapo wa koo kongwe za makabaila wa kaskazini mwa Italia. Mama yake, Carla Erba, alitoka katika familia iliyotajirika kwa viwanda vya dawa. Ukoo ulikuwa na roshani yake katika La Scala, jumba la opera la Milan, na babu yake alikuwa miongoni mwa waliolisaidia jumba hilo kwa fedha lilipoyumba mwishoni mwa karne ya 19. Luchino aliizoea opera kabla hajatambua kwamba ni kazi ambayo mtu anaweza kuifanya. Ujana wake aliutumia kufuga na kufundisha farasi wa mbio. Hiyo ni kazi ya subira, kwa kuwa farasi hashawishiki kwa maneno. Anachokielewa ni mkono usiotetereka na zoezi linalorudiwa kila alfajiri. Waigizaji waliokuja kufanya kazi na Visconti baadaye waliuonja ukali huo.

Katikati ya miaka ya 1930 alikuwa Paris, na kupitia kwa mbunifu wa mavazi Coco Chanel akafika kwa mwongozaji Jean Renoir. Katika Partie de campagne, iliyopigwa mwaka 1936, alishughulikia mavazi na kusaidia katika uongozaji. Waliomzunguka Renoir wakati huo walikuwa watu wa mrengo wa kushoto, na mawazo yao yalimgeuza kabaila huyu aliyetoka katika Italia ya Mussolini. Ni Renoir pia aliyempa riwaya ya Mmarekani James M. Cain, ambayo Visconti aliihamishia katika bonde la mto Po na kuifanya filamu yake ya kwanza, Ossessione, ya mwaka 1943. Watu wake walitoka jasho, walichoka, walitamani na waliua, katika nchi ambayo serikali yake ilitaka Mwitalia aonyeshwe safi na mwenye furaha. Filamu ilizuiwa, na nakala yake ya msingi ikaharibiwa. Tunaiona leo kwa sababu Visconti alificha nakala nyingine. Mwaka uliofuata alikamatwa Roma na genge la kifashisti la Pietro Koch kwa kuwasaidia wapinzani, akaponea chupuchupu.

Baada ya vita alishuka kusini. Mwishoni mwa mwaka 1947 alifika Aci Trezza, kijiji cha wavuvi karibu na Catania, kutengeneza filamu iliyotokana na riwaya ya Giovanni Verga, I Malavoglia. Fedha za kuanzia zilitoka Chama cha Kikomunisti, ambacho kilitarajia filamu ya taarifa juu ya hali ya maskini wa kusini. Mpango ulikuwa wa sehemu tatu: bahari, mgodi na shamba. Ni bahari tu iliyokamilika, nayo ilitosha kuwa mojawapo ya filamu kubwa za karne. Ndiyo La terra trema, iliyotoka mwaka 1948.

Kisa chake hakihitaji maelezo mengi kwa yeyote aliyewahi kusimama sokoni samaki wanapopandishwa pwani. Wachuuzi wa jumla ndio wanaopanga bei, na mvuvi aliyekesha baharini hurudi na kisichomlisha. Kijana Ntoni anaamua kujitegemea. Anaweka rehani nyumba ya familia, anaanza kutia chumvi samaki wake mwenyewe, kisha dhoruba inavunja chombo. Nyumba inakwenda, familia inasambaratika, na mwishoni Ntoni anarudi kuomba kazi kwa wale wale wachuuzi, nao wanamcheka usoni.

Hapakuwa na mwigizaji wa kulipwa hata mmoja. Wavuvi na jamaa zao ndio walioigiza. Visconti hakuwakabidhi maneno ya kukariri. Aliwaeleza kinachotokea katika tukio, kisha akawauliza wao wangelisema vipi jambo hilo nyumbani kwao. Maneno waliyoyatoa, kwa Kisicilia cha kijijini, ndiyo yaliyoandikwa, yakafanyiwa mazoezi na kurudiwa mpaka yakakaa. Vijana wawili waliokuwa wasaidizi wake, Francesco Rosi na Franco Zeffirelli, walikuwa kazini naye siku zote, Rosi akijaza madaftari kwa kila kilichopigwa. Lugha ile ilikuwa ya ndani mno, Waitalia wengi wakashindwa kuifuata, na ikabidi sauti ya msimulizi iongezwe kwa Kiitalia.

Kuna picha moja katika filamu hiyo ambayo hunishika kila nikiitazama. Dhoruba imechafuka, chombo hakijarudi, na wanawake wamesimama juu ya miamba wakitazama bahari. Wamejitanda shuka nyeusi, upepo unazipeperusha, na hakuna anayelia. Kamera ya mpigapicha G. R. Aldo haiwakaribii, inawaacha wasimame wima mbele ya maji meupe. Mpangilio ule ni wa opera. Waimbaji wa kundi katika La Scala ndio wanaopangwa vile pazia linapofunguka juu ya msiba. Mtu aliyelelewa katika roshani ya makabaila aliwapa wake za wavuvi heshima ambayo jukwaa lilikuwa limewawekea malkia.

Miaka sita baadaye alisafiri kinyumenyume: aliupeleka ukweli wa wavuvi katika opera. Alikuwa ameshamsikia mwimbaji Maria Callas, na mwenyewe alisema kwamba alianza kuongoza opera kwa ajili ya mwanamke huyo. Tarehe 7 Desemba 1954, usiku wa kufungua msimu wa La Scala, walianza pamoja na La vestale ya Spontini. Kabla ya mwisho wa mwaka 1957 walikuwa wameshatengeneza maonyesho matano katika jumba hilo. Lililobadilisha mambo ni La traviata ya Verdi, iliyofunguliwa tarehe 28 Mei 1955, Carlo Maria Giulini akiiongoza okestra na Lila De Nobili akiwa amebuni mapambo na maleba.

Kwa waimbaji wengi wa wakati huo, ilitosha kusimama ukingoni mwa jukwaa, kukunjua mikono na kuimba. Visconti alimtaka Callas aishi. Mwishoni mwa tendo la kwanza wageni wa karamu wameondoka, na Violetta, mhusika mkuu, amebaki peke yake katika ukumbi uliovurugika. Anavua vito, anafungua nywele, anavirusha viatu vyake mbali, huku akiimba sehemu iliyo ngumu kuliko zote katika uhusika huo, sauti ikipanda na kushuka kwa kasi. Baadhi ya wakosoaji walikasirika. Kwao kurusha viatu lilikuwa jambo la aibu katika jumba lile. Lakini fikiria linamwambia nini mtazamaji. Mwanamke anayelipwa ili apendeze amerudi katika mwili wake mwenyewe, miguu inamuuma, na kwa mara ya kwanza usiku ule hakuna anayemtazama. Wimbo wa uhuru anaouimba unasikika tofauti kutoka kwa mtu asiye na viatu.

Mwishoni Violetta hafi kitandani. Anavaa koti na kofia kwa sababu anataka kutoka, mauti yanamkuta amesimama, macho wazi. Verdi aliandika muziki ambao kwa dakika chache unamrudishia mgonjwa nguvu, naye Visconti akauliza mtu aliyepata nguvu ghafla angefanya nini. Angetaka kwenda nje. Mwongozaji hakuongeza kitu. Aliusikiliza muziki na kuutii.

Ufundi huu wa pande mbili ulikutana katika Senso ya mwaka 1954, inayoanzia ndani ya jumba la opera la La Fenice, Venice, mwaka 1866. Il trovatore inaimbwa jukwaani, maofisa wa jeshi la Austria wamejaza viti, na kutoka juu wazalendo wanawamwagia vikaratasi vya rangi za bendera ya Italia. Lakini kilele chake ni karamu ya dansi katika Il Gattopardo, iliyoshinda Palme d'Or huko Cannes mwaka 1963. Karamu hiyo inachukua takriban robo tatu ya saa. Ilipigwa Palermo katika kasri la Gangi, usiku baada ya usiku kwa sababu joto la mchana halikuvumilika. Mishumaa iliyowaka ilikuwa mishumaa kweli, na ilibidi ibadilishwe kila mara. Miongoni mwa wageni wa karamu walikuwamo watu wa koo za makabaila wa Palermo wenyewe. Piero Tosi alibuni maleba, Giuseppe Rotunno akasimamia kamera, na katika muziki wa dansi uliopangwa na Nino Rota mlikuwa na walsi ya Verdi ambayo wakati huo ilikuwa haijachapishwa.

Katikati ya fahari hiyo Lancaster anatembea chumba hadi chumba, amechoka. Anasimama mbele ya mchoro wa mtu anayekata roho akizungukwa na jamaa zake. Baadaye anajitazama katika kioo, na chozi linamtoka. Anaaga tabaka lake zima, ambalo bado linacheza muziki katika vyumba vya jirani pasipo kujua kwamba zama zake zimekwisha.

Wapo waliosema kwamba fahari ile ilikuwa ubadhirifu, na kwamba mkomunisti hana haki ya kupenda hariri kiasi kile. Gharama zilikuwa kubwa kweli. Zilichangia kuitia Titanus, kampuni iliyoitengeneza, katika matatizo mazito ya fedha. Hata hivyo, hoja hiyo siikubali. Huwezi kuonyesha uzito wa kinachokufa kwa kutumia vitu visivyo na uzito. Mwigizaji aliyevaa nguo iliyoshonwa kama zilivyoshonwa enzi hizo hukaa, hugeuka na kupumua kwa namna ambayo hakuna maelekezo yanayoweza kuileta. Hilo lilikuwa kweli kwa shuka za Aci Trezza kama lilivyokuwa kwa gauni za Palermo.

Mwezi Julai 1972, filamu yake Ludwig ikiwa imeshapigwa lakini haijamalizwa kuhaririwa, Visconti alipatwa na kiharusi kilichoupoozesha upande wa kushoto wa mwili wake. Mwaka uliofuata aliongoza Manon Lescaut ya Puccini huko Spoleto. Mwaka 1974 alitoa filamu nyingine na Lancaster, Gruppo di famiglia in un interno, na L'innocente aliiongoza akiwa katika kiti cha magurudumu. Mkono wa mzee unaofunua kurasa za kitabu mwanzoni mwa filamu hiyo ni wake mwenyewe. Alifariki Roma tarehe 17 Machi 1976, na filamu ikaonyeshwa Cannes mwezi Mei.

Ludwig ilikuwa imekatwakatwa na wenye biashara mpaka ikapoteza umbo. Baada ya kifo chake, mhariri wake Ruggero Mastroianni na mwandishi wake wa miaka mingi, Suso Cecchi d'Amico, pamoja na wenzao, waliinunua ilipopigwa mnada. Wakaiunganisha upya kwa urefu wa takriban saa nne, kama alivyoikusudia, na mwaka 1980 ikaonyeshwa katika tamasha la Venice. Zeffirelli, msaidizi wa Aci Trezza, alikuwa ameshakuwa mwongozaji mashuhuri wa filamu na opera kwa haki yake. Rosi alikuwa ameshatengeneza filamu zilizoumbua siasa na ulaji rushwa. Tosi aliendelea na maleba, na mwaka 2013 Hollywood ikamtunuku Oscar ya heshima.

Watu hawa walikuwa wameonja ukali wake, kurudia kwake na ghadhabu yake, na bado walitoa fedha zao kukamilisha kazi ambayo yeye hangeweza tena kuwashukuru kwayo. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha mwongozaji. Sifa na tuzo hupewa jina moja, lakini kiwango cha kazi huhamia kwa watu. Fundi aliyezoeshwa kufanya vizuri hata pale ambapo hakuna jicho litakalofika hawezi tena kuridhika na nusu ya kazi, awe na mwalimu wake au asiwe naye. Kijana anayeshika kamera leo kwa fedha kidogo hana haja ya kasri wala hariri ili aanzie alipoanzia Visconti pale Aci Trezza: awaulize watu anaotaka kuwaonyesha jinsi wao wangelisema, kisha awe na subira ya kurudia mpaka iwe kweli.