Katherine Paterson na Mmishenari Aliyefichwa

Kitabu nilikipata kwa vitabu vya inama pale Tom Mboya Street, kati ya mwongozo wa uhasibu na Biblia isiyo na jalada. Shilingi hamsini. *The Master Puppeteer*, cha Katherine Paterson. Jina hilo huenda unalijua bila kujua kwamba unalijua: ndiye aliyeandika *Bridge to Terabithia*, ile hadithi iliyofanywa filamu mwaka 2007 ikatutoa machozi sebuleni. Sikujua kwamba kabla ya hiyo alikuwa ameandika riwaya tatu, zote za Japani. Wala sikujua kwamba alifika Japani kama mmishenari.

Ukijua maisha yake, vitabu hivyo vinabadilika mkononi. Paterson alizaliwa China mwaka 1932, binti wa wamishenari Wapresbiteri kutoka Marekani. Kichina ndicho alichoanza kuongea. Vita vya Japani dhidi ya China viliing'oa familia yao huko, na mtoto akakua akiwaogopa Wajapani. Alipokuwa mkubwa alitaka kurudi China kufanya kazi ya wazazi wake, lakini mlango ulikuwa umefungwa. Serikali mpya ya kikomunisti haikuwa na haja na wamishenari. Rafiki yake, mwanamke Mjapani aliyekuwa mchungaji, akamshauri aijaribu Japani. Hebu fikiria: mtu wa taifa lililokufukuza nyumbani ndiye anakukaribisha kwao.

Akaenda mwaka 1957. Akasoma lugha Kobe, kisha akawasaidia wachungaji wa vijijini katika kisiwa cha Shikoku hadi 1961. Akarudi Marekani, akaolewa na mchungaji, wakalea watoto wanne, wawili wa kuzaa na wawili wa kuasili. Ndipo, jikoni na kati ya nepi, akaanza kuandika juu ya Japani.

Sasa angalia aliandika juu ya Japani gani. *The Sign of the Chrysanthemum*, ya 1973, iko katika karne ya 12. *Of Nightingales That Weep*, ya 1974, iko karne hiyohiyo, vita vya koo za Genji na Heike. *The Master Puppeteer* iko Osaka ya karne ya 18. Mmishenari wa kwanza Mkristo, Francis Xavier, alifika Japani mwaka 1549. Mapema katika karne ya 17 watawala wakaupiga Ukristo marufuku, na marufuku hiyo ikakaa mpaka 1873. Piga hesabu. Paterson alichagua miaka ambayo mtu kama yeye hangeweza kuwepo. Ama alikuwa hajafika, ama angeuawa.

Mwanzoni nililisoma hilo kama heshima. Sisi tumezoea hadithi ambamo mmishenari ndiye anafika, ndiye anaona, na wenyeji ni mandhari. Hapa hakuna mgeni wa kutuelezea chochote. Watu wanaomba miungu yao na Buddha wao na mwandishi hawacheki. Hakuna anayeokoka.

Lakini soma tena. Katika riwaya ya kwanza, kijana Muna anamtafuta baba yake, samurai mwenye tatuu ya ua la krisanthemu. Anachukuliwa na Fukuji, mhunzi wa panga, anamwibia upanga, anatoroka, anaishi vibaya, kisha anarudi kwa aibu na kupokelewa. Yaani ni mwana mpotevu, jamani. Katika ya pili, Takiko, msichana anayejivunia sura na muziki wake katika jumba la mfalme, anaunguzwa uso na mpenzi wake samurai anamgeuzia mgongo. Mwishowe anaolewa na Goro, mfinyanzi mlemavu aliyekuwa baba yake wa kambo. Mwandishi anataka tuone kiburi kilichonyenyekezwa. Mimi niliona msichana anayeadhibiwa kwa kujipenda, na ule mwisho ulinikera hata nikakiweka kitabu chini siku mbili. Mmishenari ametolewa, mahubiri yamebaki, yamevaa kimono.

Ndiyo maana *The Master Puppeteer* ni kitabu bora kuliko hivyo viwili. Osaka ina njaa. Jiro, mtoto wa fundi wa kuchonga vikaragosi, anaingia kwenye jumba la maonyesho la Hanaza, chini ya bwana mkali aitwaye Yoshida, na kumpata rafiki, Kinshi, mwana wa bwana huyo. Ndani kuna chakula. Nje ya lango wenye njaa wanazurura usiku, na mama yake Jiro yuko nje. Swali la kitabu ni hilo tu, nalo halina jibu la Jumapili: unaweza kujifunza sanaa, ukashiba, ukijua mama yako anakufa njaa ng'ambo ya ukuta? Paterson hamhukumu Jiro wala hamsafishi. Anamwacha na aibu yake.

Halafu kuna vikaragosi vyenyewe. Katika sanaa hii, ambayo leo inaitwa bunraku, kikaragosi kimoja kinaendeshwa na watu watatu. Mkuu anashika kichwa na mkono wa kulia, wa pili mkono wa kushoto, wa tatu miguu. Anayejifunza anaanzia miguuni, na desturi inasema atakaa huko miaka kumi. Wasaidizi hufunikwa nguo nyeusi hadi usoni. Wako mbele ya watazamaji, wanaonekana kabisa, ila watu wamekubaliana kutowaona. Sidhani kuna picha bora ya Paterson mwenyewe katika riwaya hizi.

Na hapo ndipo lawama yangu ilipo. Aliishi Japani miaka minne. Alikuwa Mmarekani mgeni, miaka kumi na kitu baada ya Hiroshima, akiwaletea watu Mungu kwa lugha aliyokuwa bado anajikwaa nayo. Hiyo ndiyo riwaya niliyoitaka. Kuwapenda watu waliokufa miaka mia nane iliyopita ni rahisi. Hawawezi kukuuliza ulikuja kufanya nini.

Nasema hivi na mimi si msafi. Mimi ni mtoto wa pasta. Nilipokuwa na miaka sita kanisa lilimtuma baba Marsabit, sisi watu wa Kiambu, na tukakaa huko miaka tisa. Nina rasimu ya riwaya kuhusu kisima na familia mbili za Warendille. Nilimpa msee tuliyesoma naye primary, sasa anaishi South B, anisomee. Alisoma yote kwa wikendi moja.

"Iko poa," akaniambia. "Lakini nyinyi mko wapi?"

Nikamwambia hadithi inatokea mwaka 1890.

"Aah. Kabla ya baba yako."

Hakuwa amekasirika. Aliitisha chai nyingine, tukaongea mambo ya kazi. Nimemwazima *The Master Puppeteer*, na mpaka leo hajakirudisha.