Nani wa Kumlilia Bibi Drewe?

Wapenzi wa tamthilia ya Downton Abbey wana swali moja wanalopenda kuulizana: wewe u upande wa Mary au wa Edith? Nimeulizwa swali hilo mara nyingi, na nyumbani kwetu limekwisha kuzua ubishi wa hadi usiku wa manane. Katika kurasa hizi nataka kueleza kwa nini pande hizo mbili hazinitoshi.

Kwa faida ya msomaji asiyeifahamu, tamthilia hii iliandikwa na Julian Fellowes. Kituo cha ITV cha Uingereza kiliionyesha kuanzia Septemba 2010 hadi siku ya Krismasi ya 2015, misimu 6 yenye vipindi 52. Inasimulia habari za Lord Grantham, mkewe, binti zao watatu na watumishi wa jumba lao huko Yorkshire, tangu kuzama kwa meli ya Titanic mwaka 1912 hadi usiku wa kuukaribisha mwaka 1926.

Mary ni binti mkubwa, mzuri wa sura na mkali wa ulimi. Wanaompenda husema hana unafiki. Edith, wa pili, ndiye asiyebahatika. Mchumba wake, Sir Anthony Strallan, alimwacha mbele ya madhabahu. Mpenzi wake Michael Gregson aliuawa Ujerumani, akamwachia mimba nje ya ndoa. Ugomvi wa madada hawa ni mrefu. Edith alimwandikia balozi wa Uturuki barua ya kufichua aibu ya Mary, naye Mary akaiharibu posa ya Edith. Miaka mingi baadaye Mary akaitoa siri ya mtoto mbele ya Bertie Pelham, mwanamume aliyetaka kumwoa Edith. Hapo ndipo wasikilizaji wa ubishi wetu walipokuwa wakigonga meza.

Lakini kisa cha mtoto huyo, Marigold, kina mwanamke mwingine ndani yake. Edith alijifungua Uswisi kwa siri, akamwacha mtoto kwa familia ya huko, kisha akabadili nia, akamrudisha Uingereza. Asingeweza kumweka jumbani. Akamkabidhi kwa Tim Drewe, mpangaji wa moja ya mashamba ya baba yake. Drewe alimwambia mkewe kwamba mtoto ni yatima wa rafiki yake. Mama huyo, mwenye watoto wake tayari, akampokea na kumpenda. Kila Edith alipokuja kumtazama mtoto, Bibi Drewe alishangaa, akaudhika, akafikia hata kumshuku bibi mkubwa huyo kwamba anamtaka mumewe. Hakuambiwa ukweli mpaka siku Edith alipofika na cheti cha kuzaliwa mkononi kumchukua mtoto.

Yaliyofuata yamo katika msimu wa sita. Kwenye maonyesho ya mifugo, Bibi Drewe anamwona Marigold, anashindwa kujizuia, anaondoka naye hadi nyumbani. Mtoto anarudishwa salama. Familia ya Drewe, iliyolima ardhi ile kwa vizazi, inaliacha shamba na kuhama. Shamba hilo hatimaye anapewa Bwana Mason, mzee mwema aliyepoteza shamba lake mahali pengine, na watazamaji tunafurahi kwa ajili yake.

Nimewauliza wapenzi wengi wa tamthilia hii wanamkumbukaje Bibi Drewe. Wengi hujibu, "Yule aliyemwiba mtoto?" Watu hao hao waliomboleza Matthew Crawley alipokufa katika ajali ya gari katika kipindi cha Krismasi ya 2012, wakamlaumu mwandishi kwa kuwaharibia sikukuu. Lakini kwa mama aliyepoteza mtoto, nyumba na shamba, hakuna aliyelia.

Kosa silitupi lote kwa watazamaji, maana huruma yetu imepangwa na mwandishi. Edith tumekaa naye tangu kipindi cha kwanza, tumeona machozi yake chumbani, na kila msimu umetuongezea deni la kumwonea huruma. Bibi Drewe tunamwona mara chache, na karibu kila mara amesimama mlangoni akimzuia Edith. Mtu anayeonyeshwa tu pale anapokuwa kizuizi, mtazamaji humhesabu kuwa kizuizi. Emma Lowndes, aliyemwigiza, alifanya kazi kubwa katika nafasi hiyo ndogo. Uso wake siku ya kile cheti unasema mengi ambayo mwandishi hakuyafuatilia.

Kuna watakaosema kwamba damu ni damu. Wahenga walinena, uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Ni kweli, na sitaki kumdhulumu Edith: zama zake zilimfanya mwanamke aliyezaa nje ya ndoa amfiche mwanawe kama mali ya wizi. Lakini wahenga hao hao walinena pia kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Methali hizi mbili zinakutana ndani ya nyumba ya Drewe, na tamthilia inaisikiliza moja tu. Hata sheria ilikuwa kimya. Sheria ya kwanza ya kuasili watoto Uingereza ilipitishwa mwaka 1926 na kuanza kutumika Januari 1927. Katika miaka ya 1924 na 1925 Bibi Drewe hakuwa na karatasi wala pa kushtaki, na mwenye ardhi aliyoilima alikuwa babu wa mtoto.

Marehemu shangazi yangu alitazama vipindi hivyo pamoja nasi. Katika ujana wake alikuwa yaya, akamlea mtoto wa watu kwa miaka minne, na siku familia ile ilipohama aliambiwa asubuhi kwamba kazi imekwisha. Sisi tulipokuwa tukibishana kama Mary anastahili kusamehewa, yeye aliuliza, "Mwanangu, na yule mama aliyelea, walimpa nini?" Hatukuwa na jibu, kwa sababu tamthilia yenyewe haikutoa jibu. Tulirudi kwa Mary na Edith.

Ndiyo maana nasema ubishi wa Mary na Edith ni ubishi wa ghorofani. Ukichagua upande wowote kati ya hizo mbili, bado umechagua upande wa jumba. Edith anaolewa na Bertie siku ya mwisho ya mwaka 1925, anakuwa mke wa mtu mwenye cheo kumpita baba yake, naye Marigold anakwenda kukaa katika ngome. Nilifurahi kama wengine, na furaha hiyo siikani. Ila ninapoulizwa upande wangu siku hizi, hujibu kwamba mimi ni wa Bibi Drewe. Mara nyingi inanibidi kumweleza upya muulizaji Bibi Drewe ni nani, na sichoki kumweleza.