Ngao Zilizobadilishwa Jina

Septemba 26, 2001, kituo cha televisheni cha UPN nchini Marekani kilirusha "Broken Bow", sehemu ya kwanza ya tamthilia ya Enterprise, na watu zaidi ya milioni 12 wakaitazama. Kufikia msimu wa nne, wiki nyingi hawakufika hata milioni 3. Februari 2005 ukatangazwa uamuzi wa kuifuta, na Mei 13 ikarushwa sehemu ya 98, ya mwisho. The Next Generation, Deep Space Nine na Voyager, dada zake wakubwa katika ukoo wa Star Trek, zilikwenda misimu saba kila moja na kufungwa kwa heshima. Hii ilikatishwa, kama ile ya asili ilivyokatishwa mwaka 1969.

Waulize mashabiki walioisusa, watakupa orodha ndefu. Wavulkani wamegeuzwa waongo wenye kiburi. Waferengi wametokea karne mbili kabla ya zamu yao. Na ule wimbo! Tamthilia zote za kabla yake zilifunguliwa kwa muziki usio na maneno. Hii ikaja na balada ya Diane Warren, ambayo Rod Stewart alikuwa ameshaiimba kwa ajili ya filamu ya Patch Adams, safari hii kwa sauti ya Russell Watson. Mimi wimbo haukunikera sana. Picha zinazopita juu yake, za merikebu za matanga, ndege za mwanzo na roketi, ziliielewa ahadi ya tamthilia hii kuliko miswada mingi ya misimu miwili ya kwanza.

Ahadi yenyewe ilikuwa tamu. Watunzi wake, Rick Berman na Brannon Braga, waliirudisha hadithi nyuma hadi mwaka 2151, miaka kumi kabla ya kuundwa kwa Shirikisho la Sayari na zaidi ya karne moja kabla ya enzi za nahodha Kirk. Nahodha Jonathan Archer, aliyeigizwa na Scott Bakula, anakiongoza chombo cha kwanza cha binadamu chenye injini ya kasi ya wapu 5. Ngao hakina. Sheria ya kutoingilia mambo ya wenyeji bado haijaandikwa. Mtambo wa kuhamisha watu kwa mionzi ndio kwanza umeidhinishwa kubeba viumbe hai, na mabaharia wanauogopa. Ukikwama huko mbali, hakuna wa kumwita.

Hapo ndipo ufundi wa tamthilia tangulizi ulipo. Mtazamaji anaujua mwisho: Dunia haiangamii, Shirikisho linaundwa, Kirk anazaliwa. Swali la "itakuwaje" limekufa kabla taa hazijawashwa studio. Linalobaki ni walifikaje, na iliwagharimu nini. Kwa hiyo upungufu wa vifaa na sheria ndio mtaji wa mwandishi. Kila kisichokuwepo ni kisa kinachosubiri kusimuliwa. Watunzi wa Enterprise walituahidi watu wasio na vifaa, kisha wakawapa vifaa vile vile kwa majina mapya. Malalamiko mengi ya mashabiki, ukiyafuata hadi chini, yanaishia hapo.

Tazama mapigano ya angani. Badala ya ngao, chombo kina mabamba ya chuma yanayotiwa nishati ili yawe magumu. Wazo zuri. Lakini adui anaposhambulia, Luteni Malcolm Reed anainamia kioo chake na kusoma asilimia: mabamba yameshuka hadi kiwango fulani, yameshuka tena, yamezima kabisa. Kamera inatikisika, cheche zinaruka, mtu anashika meza asianguke. Aliyeitazama Voyager, iliyoaga miezi minne tu kabla, anaijua mandhari hii kwa moyo. Futa "mabamba" uandike "ngao", na hakuna sentensi nyingine utakayolazimika kuigusa. Ni kubadilisha kibao cha duka na kuacha bidhaa zile zile rafuni.

Bamba la chuma lina tabia zake. Linatoboka, na likitoboka hewa inatoka, na mtu anapaswa kuvaa suti na kwenda kuliziba. Waandishi walilijua hilo, kwa sababu mara moja walilitumia vizuri ajabu. Katika "Minefield", ya msimu wa pili, bomu linajigandisha kwenye ubavu wa chombo. Reed anatoka nje kulizima, na mguu mmoja wa bomu unachomoza na kumpitia pajani, ukambana hapo hapo ukutani. Archer anamfuata, na karibu sehemu nzima ni watu wawili walioning'inia juu ya chuma, mmoja akielekeza, mwingine akifungua bomu kwa mikono. Mwisho wanalikata bamba lote na kuliachia angani pamoja na bomu, wakijikinga na vipande vya milango ya kichombo kidogo. Hakuna asilimia inayosomwa. Ngao ya kawaida ingekiua kisa hiki katika dakika ya pili.

Mashabiki wengi wanaikumbuka "Minefield" kwa sababu nyingine kabisa: Waromula wanaonekana na vyombo vinavyojificha machoni, ilhali mwaka 1966 "Balance of Terror" iliuonyesha ujanja huo kama jambo geni kwa mabaharia wa Kirk. Ni kosa la kumbukumbu, sawa, lakini kosa kubwa liko wiki iliyofuata. Chombo kina shimo la kutisha ubavuni, kiko mbali mno na nyumbani, na afisa wa silaha anachechemea. Nusu msimu ungeweza kuishi juu ya shimo hilo. Badala yake, "Dead Stop" inaleta kituo cha matengenezo kinachojiendesha chenyewe, na mwisho wa sehemu chombo ni kipya, mguu wa Reed umepona. "Dead Stop" kivyake ni kisa kizuri cha kuogofya. Kwa hesabu ya tamthilia nzima, ni kifutio.

Ndivyo ilivyokuwa kwa karibu kila upungufu. Ule mtambo wa mionzi unaoogopwa ulimwokoa Archer katika "Broken Bow" yenyewe, kabla hatujapata muda wa kuuogopa pamoja nao. Hoshi Sato, mtaalamu wa lugha aliyechukuliwa kutoka darasani Brazil, alianza kwa kishindo: katika "Fight or Flight" mtambo wa kutafsiri unashindwa, chombo cha wageni kimewaelekezea silaha, na maisha ya wote yanategemea yeye kuthubutu kusema kwa kinywa chake lugha aliyoisikia saa chache zilizopita. Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya ziada ya kumjali Hoshi, kwa kuwa kiti chake ndicho atakachokalia Uhura, aliyezungumzishwa Kiswahili mwaka 1966 katika "The Man Trap", sehemu ya kwanza kabisa ya Star Trek kurushwa hewani. Lakini mtambo wa kutafsiri ulipona haraka, wageni wakaanza kusema Kiingereza safi, na Hoshi akabaki mpokea simu wa chombo.

Kwa nini watu wenye uzoefu mkubwa hivyo walifanya hivi? Braga amesimulia baadaye kwamba mpango wa awali ulikuwa msimu wa kwanza ukae zaidi duniani, chombo kikiwa bado kinajengwa, na kwamba wakubwa hawakuutaka. Walitaka chombo angani na uzi unaoelekea mbele. Uzi huo ukawa Vita Baridi ya Wakati: Wasuliban wakiamrishwa na mtu wa siku zijazo asiyejulikana, na Daniels, mjumbe wa siku zijazo, akimweleza Archer kwamba historia inamhitaji. Kiufundi ni sumu. Mtazamaji tayari anajua nahodha atafaulu. Sasa na nahodha mwenyewe anajulishwa. Ongeza kwamba timu ile ile ilikuwa imetoka kuandika misimu saba ya Voyager na sasa ilitakiwa kutoa sehemu 26 kwa mwaka. Kiwanda kinachokimbia hivyo hurudia kalibu zake.

Kuna malalamiko ambayo siyakubali. Wavulkani wabaya lilikuwa wazo bora la tamthilia nzima. Katika "The Andorian Incident" Archer anagundua kwamba monasteri takatifu ya P'Jem inaficha kituo cha kuwapeleleza Waandoria, naye anaamuru T'Pol, Mvulkani wake mwenyewe, amkabidhi Shran wa Waandoria ushahidi. Kiburi cha Wavulkani ni umbali ambao lazima uvukwe kabla ya Shirikisho. Kilichoudhi ni kwamba wazo hilo liliachwa likae tu misimu mitatu, huku T'Pol akitumiwa kwa mambo ya bei rahisi, kama ile mandhari ya yeye na mhandisi Trip Tucker wakipakana jeli wakiwa na nguo za ndani, eti wanaondoa vijidudu. Jolene Blalock alimwigiza T'Pol kwa utulivu mkubwa; kamera ndiyo iliyomkosea adabu.

Na pale upungufu uliachwa uume kweli, tamthilia ilisimama. "Cogenitor" ni mfano ninaourudia mara nyingi. Mabaharia wanakutana na watu wema, wakarimu, wenye jinsia tatu, ambao jinsia ya tatu haina jina, haisomi, inaazimwa tu kwa wanandoa wanaotaka mtoto. Trip, mhandisi mwenye moyo mweupe, anamfundisha mmoja wao kusoma kwa siri, naye anajichukulia jina la Trip na kuomba hifadhi. Archer anakataa. Yule kiumbe anajiua. Katika zama za Kirk kungekuwa na sheria ya kunukuu. Hapa kuna nahodha anayemfokea rafiki yake huku akijua kwamba hamasa hiyo Trip aliipata kwake. Hakuna kifaa kilichobadilishwa jina, na bila kuitaja kabisa, tumeelewa kwa nini sheria ile itaandikwa.

Msimu wa tatu uliuza kila kitu kwa kisa kimoja: Waxindi wanashambulia Dunia, watu milioni 7 wanakufa, Archer anawasaka. Ulikuwa na kasi, lakini ungeweza kutokea karne yoyote. Wa nne, chini ya Manny Coto, ndio ulioijua kazi yake. Mbinu yake ilikuwa visa vya sehemu mbili au tatu, kila kimoja kikianzia kwenye hali tuliyoikuta na kuishia karibu na ile tunayoijua. "The Forge" na mbili zinazoifuata zinaonyesha kwamba uongozi wa Vulkani ulikuwa umepotoka, na maandiko ya Surak yakipatikana unaanguka. Katika "United", Shran anataka kumuua Mtelari kulipiza kisasi, na muungano wote utavunjika. Archer anajitolea kupigana badala ya Mtelari huyo, wawili wakiwa wamefungwa kamba moja, na anaumaliza mpambano kwa kumkata Shran kipapasio kimoja cha kichwani badala ya kumuua. Tunajua Waandoria na Watelari watakuwa ndugu. Hatukujua kwamba udugu ungepita kwenye kisu hicho.

Hata Coto aliteleza. Sehemu mbili zilitumika kueleza kwa nini Waklingoni wa miaka ya sitini walikuwa na mapaji laini na wa baadaye wana matuta. Sababu halisi ni bajeti ya vipodozi. Mwaka 1996, katika Deep Space Nine, Mklingoni Worf aliulizwa swali hilo na kujibu kwamba Waklingoni hawalizungumzi mbele ya wageni, na sijaona jibu bora.

Kisha ikaja sehemu ya mwisho, ambayo Berman na Braga waliiandika wenyewe. Tuko ndani ya chombo cha The Next Generation, karne mbili mbele, afisa wake Riker akiitazama safari ya mwisho ya Archer kama picha hai za kompyuta ili zimsaidie kuamua jambo lake. Trip anakufa kwa kisa kisicho na uzito. Archer anapanda jukwaani kutoa hotuba ya kuanzisha ushirika ule tuliousubiri miaka minne, na kabla hajafungua kinywa Riker anaizima programu. Hasira ya mashabiki iliangukia kifo cha Trip. Mimi naona hotuba iliyozimwa ni mbaya zaidi: dakika pekee ambayo tamthilia hii tu ndiyo iliyokuwa na haki ya kuionyesha iligeuzwa pambo la hadithi ya wengine.

Strange New Worlds, iliyoanza 2022, nayo ni tangulizi, na nahodha wake pia amepewa kuyajua ya mbele. Ila nahodha huyo, Pike, ameionja ajali itakayomlemaza, ile ambayo watazamaji wa "The Menagerie" waliijua tangu 1966, na kila anapotoa amri anaitoa akiwa na deni hilo kichwani. Daniels alimpa Archer dhamana. Pike amepewa hukumu. Habari ni ya aina moja, matumizi yamepishana kabisa.

Archer naye alikuwa na kisa chake cha namna hiyo, tayari kimeandaliwa. "Balance of Terror" ilikuwa imetaja vita vya kale kati ya Dunia na Waromula: vyombo duni, silaha za atomiki, hakuna mateka, na hakuna aliyewahi kuuona uso wa adui. Vita hivyo haviwezekani kusimuliwa kwa vifaa vya Voyager hata ukivipa majina mapya, kwa maana kila kitu ndani yake kinategemea kisichokuwepo. Msimu wa nne ulikuwa umeshaanza kuwaingiza Waromula. "Terra Prime", ya pili kutoka mwisho, iko mwaka 2155. Inayoifuata inarukia 2161. Vita viko katikati, katika miaka sita ambayo hadi leo hakuna tamthilia wala filamu ya Star Trek iliyoionyesha.