«Masanga» na Usafi wa Kanda

Mwaka 1952 Hugh Tracey alirekodi «Masanga» ya Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, mji uitwao leo Likasi. Gitaa ni moja, lakini kidole gumba na kidole cha shahada husikika kila kimoja kwa sauti yake. Sifa hiyo si ya mpigaji peke yake: Tracey alizoea kuishika maikrofoni mkononi, karibu na chombo. Umbali ukipungua kutoka sentimita 40 hadi 20, sauti inayotakiwa huongezeka kwa desibeli 6 hivi, na kelele za mtaa hubaki zilivyo.

Mtafiti anayerekodi masimulizi nyumbani mara nyingi huacha kinasa sauti mbali mezani, kisha huitegemea kompyuta isafishe. Lakini chujio lipunguzalo masafa ya juu hupunguza pia konsonanti: «saba» na «shaba» huanza kufanana, na matini yanayonukuliwa hapo huwa na kasoro.

Basi dirisha lifungwe, maikrofoni isogezwe, na kanda asilia ihifadhiwe bila kuguswa. Kelele iliyobaki humchosha msikilizaji. Konsonanti iliyofutwa hairudi.