Sauti Yenye Uzito

Mchaguzi stadi wa pedali za kuitetemesha na kuizungusha sauti ya gitaa la umeme hajulikani kwa wimbo anaoupiga dukani. Hujulikana kwa namna anavyonyamaza. Nilipata kumtazama mmoja wa jamii hiyo katika duka la vyombo vya muziki vilivyokwisha tumika mjini Chicago, mzee mwembamba ambaye ncha za vidole vyake zilikuwa zimekwisha kuwa sugu kwa nyuzi za chuma. Aliwekewa pedali tatu mbele yake, na kwa kila moja alitenda jambo lile lile: alizipiga nyuzi zote mara moja, akaziacha zilie, akabonyeza kwa ncha ya kiatu swichi ya kuharakisha mzunguko, kisha akainamisha kichwa na kungoja, asiongeze noti hata moja, mpaka sauti ilipotoka katika mwendo wake wa taratibu ikafika katika mwendo wake wa kasi, akabonyeza tena, akaingojea irudi. Mwuzaji, kijana mwenye adabu ambaye bila shaka alikwisha zoea wanunuzi wanaozijaribu pedali kwa kumwaga noti kadiri vidole viwezavyo, alimwuliza kama kuna hitilafu. Mzee alimjibu ya kwamba hapana hitilafu, ila mbili katika hizo zinafika upesi mno.

Jibu hilo limebeba elimu yote ya uchaguzi wa vyombo hivi, na mtu asiyelifahamu aweza kutumia fedha nyingi na miaka mingi bila ya kuipata sauti anayoitafuta. Mwendo wa taratibu ni mzuri, na mwendo wa kasi ni mzuri. Lakini roho ya spika ya kuzunguka, ambayo pedali za kuzungusha huiiga, imo baina ya hiyo miwili, katika safari ya kutoka huku kwenda kule, nayo ni safari ambayo asili yake si umeme, bali ni mbao, chuma, hewa na uzito.

Donald Leslie, mtu wa California, alinunua kinanda cha Hammond mwaka 1937 kwa kutumaini kwamba kingemletea nyumbani adhama ya vinanda vikubwa vya mabomba vilivyokuwa vikilia katika majumba ya sinema. Badala yake kikamletea sauti iliyonyooka, kavu, isiyo na pumzi. Wengi wangekirudisha dukani. Yeye alitambua kwamba kilichokosekana ni mwendo, kwa kuwa sauti ya kinanda cha mabomba hutoka pembe nyingi za jumba na kumfikia msikilizaji kwa njia nyingi, ilhali hii ya kwake ilitoka tundu moja na kusimama mahali pamoja. Basi akaizungusha. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 makasha yake ya kuzungusha sauti yalikuwa yamekwisha ingia sokoni. Laurens Hammond, mvumbuzi wa kinanda hicho, hakupendezwa nayo hata kidogo, akakataa kuyatambua. Walakini wapiga vinanda walikuwa wamekwisha hukumu kwa masikio yao, na hukumu ya masikio haina rufaa.

Kasha lililopata sifa kuliko yote, lile la namba 122, lastahili kufunguliwa na kutazamwa na kila mtu anayetaka kununua pedali ya kuliiga, maana nakala haihukumiwi na asiyeijua asili. Juu kabisa pana tarumbeta yenye vinywa viwili inayozunguka, na mgeni akiiona hudhani kwamba vyote viwili vinasema. Sivyo. Kimoja tu ndicho kinachotoa sauti. Cha pili ni bubu, kimezibwa, hakina kazi duniani ila kumsawazishia mwenziwe uzito ili azunguke bila ya kuyumba. Nimekipenda kinywa hicho bubu kuliko sehemu nyingine yoyote ya chombo. Kimepewa umbo lile lile la ndugu yake, upana ule ule na mkunjo ule ule, huzunguka pamoja naye usiku kucha katika makanisa na katika vilabu, hupata joto lake na vumbi lake, na hakuna msikilizaji hata mmoja aliyepata kukisikia wala atakayekisikia. Bila yake, hata hivyo, kile kisemacho kingelitikisa kasha zima. Fundi aliyeona haja ya kukiweka alikuwa amekwisha fahamu ya kuwa sauti nzuri hutegemea vitu ambavyo si sauti.

Chini ya tarumbeta hiyo, spika ya inchi 15 imelazwa kifudifudi, ikiumimina mvumo wake ndani ya pipa linalozunguka upande wa kinyume. Tarumbeta ni nyepesi: ikiamrishwa iende kasi, hutoka katika mizunguko isiyotimia 50 kwa dakika ikafika ipatayo 400 katika muda wa kama sekunde moja. Pipa ni zito: huchukua sekunde kadhaa kuifuata, na likiamrishwa kupunguza mwendo hushikilia kwa ukaidi mwendo lililokwisha kuupata. Kwa kitambo hicho sauti za juu zimekwisha wasili na za chini zingali njiani, mfano wa jahazi lililoshiba shehena, ambalo nahodha akilipindua, tanga huitika kwanza na mwili hufuata baadaye. Hicho ndicho kitambo alichokuwa akikingojea yule mzee.

Kwa nini sauti inayozunguka huchoma moyo, jambo hilo lilikwisha elezwa kabla umeme haujaingia majumbani. Mwaka 1842 Christian Doppler wa Austria alieleza ya kwamba mawimbi ya kitu kinachokujia hubanana, na ya kitu kinachokupa mgongo hutanuka. Na mwaka 1845 Mholanzi Buys Ballot akawapandisha wapiga tarumbeta juu ya gari moshi kwenye reli ya Utrecht, akawaweka kando ya njia watu wenye masikio ya muziki, nao wakaisikia noti ile ile ikiwa juu gari lilipokuwa likija na ikiwa chini lilipokuwa likienda. Kasha la Leslie hulifanya jambo hilo mara sita na zaidi kwa kila sekunde. Ndiyo maana mwaka 1966, John Lennon alipotaka sauti yake itoke kana kwamba haitoki kinywani mwa mtu, mafundi wa studio ya EMI mjini London waliipitisha humo katika wimbo wa “Tomorrow Never Knows”, na wapiga gitaa nao hawakukawia kubisha hodi kwenye mlango ule ule.

Tremolo ni ndugu mnyonge zaidi, kwa kuwa yenyewe haizungushi kitu. Huipandisha sauti na kuishusha kwa mapigo. Hata huko, lakini, uzito ulikuwako. Kisanduku cha DeArmond, kilichotengenezwa Toledo katika jimbo la Ohio tangu miaka ya 1940, kilikuwa na mota ndogo iliyotikisa kichupa chenye kimiminika kinachopitisha umeme. Kimiminika kilipopanda na kugusa kipini, sehemu ya sauti ilitoroka kwa njia hiyo, na kiliposhuka sauti ilirejea. Mapigo yake kwa hiyo yalikuwa mawimbi ya maji hasa, hapana moja lililolingana sawasawa na jingine. Bo Diddley alikitumia kuupa uhai mdundo wake ulioitikisa Marekani mwaka 1955. Na wanaovimiliki visanduku hivyo hata leo, kichupa kikikauka, hukijaza dawa ya kusafishia vioo, kazi ikaendelea.

Mwaka huo huo wa 1955 mafundi wa Fender nao walitia mtetemo ndani ya amplifaya yao ya Tremolux, ukitokana na vali zenyewe. Na tangu mwaka 1963 amplifaya zao nyingi zilitumia balbu ndogo iliyokabiliana na seli ya nuru, mtetemo ukawa mkali zaidi, wenye kukatika. Mitetemo hii miwili haiwezi kuchukuliana nafasi, na mchaguzi asiyeweza kuipambanua hajawa tayari kutoa fedha yake. James Demeter aliielewa tofauti hiyo alipomtengenezea mpiga gitaa Ry Cooder, mapema miaka ya 1980, pedali iitwayo Tremulator kwa mtindo wa balbu na seli: fundi mmoja akilitumikia sikio la mtu mmoja, na wengine wote wakafaidi baadaye.

Lakini nikiulizwa ni nani aliyeujua mtetemo kwa ukamilifu wake, nitamtaja Roebuck Staples, mzaliwa wa Mississippi aliyehamia Chicago na kuimba nyimbo za dini pamoja na wanawe. Katika “Uncloudy Day” ya mwaka 1956 gitaa lake ndilo linalotangulia, noti chache zilizoachana sana, na kila noti ikipiga na kufifia, ikipiga na kufifia, mpaka sauti za wanawe zinapoingia mtu hudhani zilikuwa zimo humo tangu mwanzo, zikingoja nafasi. Hakupiga noti nyingi kwa sababu hakuwa na haja nazo. Mtetemo uliijaza nafasi ambayo mwingine angeliijaza kwa vidole. Na humo mna kipimo kimoja cha uchaguzi ambacho hakikosei, kwamba pedali njema humpunguzia mpigaji noti, na pedali mbaya humwongezea.

Kutoka Ujapani, mwishoni mwa miaka ya 1960, ilikuja pedali ya Uni-Vibe, kazi ya Fumio Mieda, ambayo ndani yake balbu moja huwaka na kufifia katikati ya seli nne za nuru. Uzi wa balbu hautii amri papo hapo. Una joto lake la kupata na joto lake la kupoteza, na seli nazo zina uvivu wao, hata pigo likatoka limeelemea upande mmoja, likivuta kuliko linavyosukuma. Jimi Hendrix alikuwa nayo katika tamasha la Woodstock mwezi Agosti 1969, na usiku wa kuukaribisha mwaka 1970, katika ukumbi wa Fillmore East mjini New York, aliupitisha humo wimbo wa “Machine Gun”, na uvivu wa balbu ile ukawa kilio cha vita. Mtu aliyeisikia sauti hiyo kisha akanunua pedali yenye pigo lililonyooka kwa sababu karatasi ya maelezo imesema ni sahihi zaidi, amenunua saa, hakununua ala ya muziki.

Basi mwenye kuchagua na aanze na mwendo wa taratibu, auache uendelee wimbo mzima. Ukimchosha sikio kabla wimbo haujaisha, hapana kasi itakayomponya. Katika pedali za kuzungusha atafute iliyotenga mwendo wa tarumbeta na mwendo wa pipa, kila mmoja na muda wake wa kupanda na kushuka, kwa kuwa inayozungusha sauti yote kwa pamoja haijaiga kitu ila jina. Kadhalika aiweke mwisho baada ya zile za kuikwaruza sauti, maana katika kasha la asili vali huunguza kwanza na tarumbeta huzungusha baadaye. Na tremolo iwe vivyo hivyo, la sivyo mkwaruzo utayasawazisha mapigo yake kabla hayajasikika. Kina cha mtetemo akiongeze mpaka autambue, kisha akipunguze kidogo. Asishangae sauti ikionekana kushuka pindi tremolo inapowashwa, kwani nusu ya muda imefichwa. Ndiyo sababu watengenezaji wenye insafu huongeza mahali pa kuikuza. Fauka ya yote ajaribu pamoja na besi na ngoma, si peke yake, kwa kuwa mtetemo unaopendeza chumbani aghalabu hugombana na mpiga ngoma.

Maneno haya, nakiri, yana wasikilizaji wachache siku hizi. Kasha la Leslie lina zaidi ya kilo 60, na simlaumu mtu yeyote anayekataa kulipandisha ngazi. Pedali imeiokoa migongo ya wengi, na zipo zilizotengenezwa kwa heshima kubwa kwa asili yake. Lawama yangu ni kwa namna ya kuchagua. Watu huchagua kwa macho, kwa rangi ya kisanduku, kwa idadi ya aina za mtetemo zilizobanwa ndani ya kimoja, kwa filamu fupi ambamo mtu mwingine, kwa gitaa jingine na amplifaya nyingine, amekwisha sikiliza kwa niaba yao. Na wakiipata pedali, huibonyeza na kutaka ifike sasa hivi. Katika zama ambazo kungoja kumekuwa aibu, kitambo cha sekunde tano ambacho pipa linajikusanya huonekana kuwa kasoro ya kusahihishwa.

Uzito huo sasa haumo tena katika mbao wala katika maji wala katika uzi wa balbu. Umebaki kuwa hesabu ambayo fundi huiandika ndani ya kisanduku kwa hiari yake, bila ya kulazimishwa na maumbile, naye huiandika kwa sababu moja tu: wako wanunuzi watakaoinamisha vichwa na kutambua kama haimo. Wanunuzi hao wanazeeka, na warithi wao hawatoshi. Siku watakapokwisha, hesabu hiyo itafutwa ili kupunguza gharama, pedali zitaendelea kuuzwa kwa majina yale yale na kwa sifa zile zile, na hapana atakayerudisha hata moja dukani kwa kudai kwamba imefika upesi mno.